Kamera Isiguswe

Kaka yangu ni daktari wa meno. Kutwa anachungulia mashimo vinywani mwa watu, na akirudi nyumbani bado hajatosheka, kwa hiyo amenunua darubini. Ningesema anatazama nyota, ila nitakuwa namsingizia. Tangu darubini ile ipandishwe juu ya paa la zege, sijamwona hata mara moja akiinua uso wake kuangalia mbingu. Akitaka kujua kama kuna mawingu, anafungua simu.

Mpango wake uko hivi. Juu ya paa kuna kibanda cha mabati ambacho kifuniko chake kinasukumwa kando. Ndani yake imekaa darubini, pipa fupi nene lenye vioo, na pale nyuma ambapo mtu mwenye akili timamu angeweka jicho, Kaka amekaza kamera. Pembeni kuna kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni ya kufulia, inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Yeye mwenyewe anakaa chini sebuleni, kikombe cha chai pembeni, miguu juu ya stuli, anaandika amri kwenye kompyuta nyingine. Huko juu mota zinanguruma, darubini inageuza shingo, kamera inafumba na kufumbua peke yake mpaka alfajiri. Wifi yangu, mke wake, husema ameolewa na mlinzi wa zamu asiyelinda kitu, na akishasema hivyo huenda kulala.

Linux hiyo nilimwekea mimi. Kazi yangu ni kutunza seva za kampuni ya bima, mitambo ambayo haijawahi kuniambia asante lakini pia haijawahi kujisifu. Nilikuja Jumapili moja, nikamwekea kila programu, ya kugeuza darubini, ya kuendesha kamera, ya kumtumia ujumbe kwenye simu kitu kikikatika, nikamfundisha amri tano sita. Wiki haikupita, nikamsikia akimweleza mgeni jinsi alivyoujenga mfumo wake kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo hiyo ndiyo niliyoikataza isiguse kitu mpaka nimalize. Nikanywa chai yangu.

Na wazimu huo hana peke yake. Wana kundi lao kwenye simu, wanaume watupu: mhasibu, rubani mstaafu, mwenye duka la matairi na wengine wa aina hiyo. Wanatumiana picha, na si za nyota, la hasha. Ni picha za skrini, maandishi ya kijani kwenye weusi, wakipongezana kwamba kebo imetambuliwa. Kuna siku wanafunika darubini kwa mfuniko wake na kupiga picha za giza tupu, kwa makusudi, moja baada ya nyingine, ili baadaye kompyuta ijue uchafu wa kamera na kuuondoa kwenye picha za kweli. Nimeelezwa sababu yake na nimeielewa, ni sababu nzuri. Lakini mtu mzima anapokuonyesha kwa furaha picha ya mfuniko kwa ndani, heshima inakuwa kazi ngumu.

Yote hayo yangebaki utani wa ukoo kama si macho ya Mama.

Mama anaishi kwa Kaka tangu Baba alipofariki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa wale wanaoweza kunyamazisha darasa kwa kuvua miwani tu. Presha ya macho ilimwingia kimya kimya. Jicho la kushoto lilifungwa kabla hatujajua hata jina la ugonjwa. La kulia, alisema daktari wa macho, linakwenda njia hiyo hiyo. Dawa ya matone itachelewesha, haitazuia. Mama aliuliza swali moja tu, mpaka lini. Daktari akasema hawezi kuapa, ila kama kuna kitu anatamani kukiona, asikiweke kiporo.

Kitu chenyewe alikuwa nacho tayari. Tulipokaa mezani, akamgeukia Kaka.

"Mwanangu, nimefundisha sayari maisha yangu yote ya kazi. Zohali nimeichora ubaoni mpaka chaki zikaniishia, nawaambia watoto wa watu ina pete. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Niliamini kitabu tu. Sasa chombo kiko juu ya kichwa changu. Nataka niione kwa jicho langu, kabla halijafungwa."

Hakuomba kupelekwa ng'ambo wala kujengewa nyumba. Aliomba kupanda ngazi.

"Haina shida, Mama," Kaka akasema. "Ila kwa sasa kamera isiguswe."

Akaeleza. Alikuwa ameanza kukusanya mwanga wa wingu fulani la gesi, lililo mbali kiasi kwamba hata yeye akitaja umbali wake anapunguza sauti. Wingu hilo halionekani kwa jicho, hata ukichungulia kwenye darubini yenyewe. Ni lazima kamera ilikodolee macho usiku baada ya usiku, kisha picha zote zilundikwe moja juu ya nyingine ziwe picha moja. Ukiifungua kamera katikati ya kazi, ukairudisha imepinda hata unywele, picha za zamani na mpya hazikubaliani tena, na jasho lote limekwenda na maji.

"Nikimaliza tu, zamu yako," akasema. "Lakini kwani lazima uchungulie? Nikuonyeshe kwenye skrini, Mama. Kuna picha zimepigwa na wakubwa, zina rangi zote, Zohali kubwa kama sinia."

"Kwenye skrini nimeona samaki anaongea," Mama akamjibu. "Nitasubiri."

Akasubiri. Kila nilipopiga simu na kuuliza, jibu lilikuwa bado kidogo. Mara mvua. Mara mwezi mpevu, unaharibu weusi wa anga. Mara programu imejisasisha na kebo haitambuliki, na hapo nikaombwa mimi nije nitengeneze. Nikaja, nikatengeneza, nikidhani naharakisha zamu ya Mama. Kaka akanishukuru sana na kunionyesha wingu lake lilipofikia. Lilikuwa doa la kijivu. Akasema likishiba mwanga litakuwa jekundu.

Siku moja mchana wifi akanipigia kazini. Mama alikuwa ameukosa mlango wa bafu, amegonga ukuta kwa uso na kuanguka.

"Umempigia Kaka?"

"Nimempigia. Anasema ana mgonjwa kwenye kiti, na kama hakuvunjika tumpe maji apumzike."

Nilimkuta Mama amekaa kitandani, uvimbe umemkaa kwenye paji la uso, anacheka. Huwa ananiudhi sana anapocheka hivyo, maana hupati pa kumhurumia.

"Mlango umehama," akasema.

"Mama, na ile Zohali?"

"Mwache kaka yako amalize wingu lake."

"Litaisha lini?"

"Wingu haliishi, mama. Umewahi kuona wapi?"

Nilikwenda sebuleni, nikaketi kwenye kiti cha Mheshimiwa Kaka na kuangalia kwenye programu yake ya anga. Zohali ilikuwa bado inaonekana magharibi jua likizama, lakini kila jioni ilishuka zaidi. Muda si mrefu ingepotelea kwenye mwanga wa jua, na mpaka irudi kwenye anga ya jioni ni miezi mingi. Jicho la Mama halikuwa na miezi mingi. Nikaandika amri moja fupi, kamera ikakatwa. Nilijua ujumbe umeshaingia kwenye simu ya Kaka, kwa sababu ujumbe huo niliutengeneza mimi.

Nikamwambia wifi aweke maji ya chai. Hayajachemka, gari likapiga breki nje. Daktari akaingia na koti lake jeupe, glavu moja bado iko mkononi. Mama alipoanguka kulikuwa na mgonjwa kwenye kiti. Kamera ilipokatika, nadhani mgonjwa yule bado yuko kwenye kiti mpaka leo, kinywa wazi.

"Nani amegusa?" akauliza.

"Mimi."

"Kuna nini? Kebo imelegea?"

"Hakuna kilicholegea hapa ila wewe. Mama ameanguka."

"Najua. Nimeambiwa hakuumia."

"Hata kamera haikuumia. Mbona umekuja mbio?"

Akaanza yale yale, kwamba sijui amefika wapi, kwamba zimebaki siku chache tu za anga safi, kwamba mtu hawezi kuvunja kazi ya miezi kwa dakika moja ya kuchungulia kitu ambacho kila kitabu kina picha yake. Mimi nikamjibu kwamba kila kitabu kina na picha ya hilo wingu lake, tena jekundu tayari, na hakuna aliyemwomba alipige upya. Hapo tukawa tumepandishana sauti hata wifi akazima jiko aje asikilize vizuri.

Mama akatokea mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Mnanigombania kama sipo," akasema. "Macho ndiyo mabovu, masikio mazima." Akamtafuta Kaka kwa uso, akageuka kidogo sana upande usio wake. "Mwanangu, niliomba mara moja. Leo naomba mara ya pili. Ya tatu haitakuwepo."

Kaka akamtazama. Nadhani ndipo alipouona ule uvimbe, kwa sababu alivua ile glavu na kuikunjakunja mkononi kama hajui aiweke wapi.

"Leo jioni, Mama," akasema.

Mama akavaa gauni lake la kutokea na miwani ambayo haikumsaidia tena kitu. Wifi akamshika kiuno, mimi nikatangulia kwenye ngazi, na jua lilipokuwa linaaga tulikuwa wote juu ya paa. Kaka aliifungua kamera polepole, ungedhani anamng'oa jino waziri. Lenzi ya kuchungulia tukaitafuta mpaka tukaikuta chini kabisa ya sanduku, imo ndani ya nailoni yake, haijawahi kutolewa tangu dukani.

"Kumbe lina na jicho!" wifi akasema. "Miaka yote mimi najua ni pipa."

Kisha Kaka akatuacha na kushuka sebuleni. Hakukuwa na njia nyingine, na hapo ndipo utajua wajanja wanavyojifunga kwa kamba zao wenyewe. Darubini zote zina kitasa cha fokasi, yaani unakizungusha taratibu kwa vidole viwili mpaka ukungu utulie na picha ikae sawa. Cha kwake alikwishakikazia mota. Hakishikiki tena kwa mkono, kinaisikiliza kompyuta, na kompyuta inamsikiliza mtu aliyeketi sebuleni. Kwa hiyo ilibidi sisi tupige kelele kwenye tundu la ngazi kama wachuuzi, yeye aandike amri huko chini, na mota itii.

Darubini ikageuka yenyewe, ikatulia ikitazama juu ya tangi la maji la jirani. Nikachungulia kwanza. Niliona ukungu tu.

"Sogeza!"

Mota ikalia. Ukungu ukajikusanya, ukapungua, ukapungua tena, kisha ghafla ikawepo. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, ya manjano hafifu, na pete yake imeizunguka pande zote bila kuigusa. Mimi si mtu wa kupumbazwa kirahisi. Nilibaki nimeinama pale, mpaka nilipokumbuka kwamba nimesimama kwenye nafasi ya Mama.

"Mama, njoo. Iko."

Tukamsogeza, nikamshika kichwa, nikamwekea jicho la kulia pale penyewe. Akachungulia. Tukangoja.

"Bado," akasema.

Nikadhani ameigusa darubini ikateleza. Nikachungulia mimi. Iko pale pale, kali, imekaa kama ilivyochorwa.

"Sogeza kidogo sana!" nikapaza sauti. Mota ikalia kidogo. "Mama?"

"Bado, mama. Naona giza. Lina ungaunga."

Tukajaribu tena, na tena. Yeye akangoja kila mara bila kunung'unika, mikono ameikunja mgongoni kama mtu anayeogopa kuharibu kitu cha wenyewe. Kila aliposema bado, nikachungulia, na Zohali ilikuwepo, na pete yake. Hapo nikaelewa. Lenzi haikuwa na kosa. Punje ile ilikuwa ndogo mno kwa kile kidirisha kilichobaki kwenye jicho lake. Alipoomba mara ya kwanza, Mama alikuwa bado anatia uzi kwenye sindano mwenyewe.

"Vipi huko?" Kaka akaita kutoka chini. "Huku namba inaniambia iko sawa kabisa!"

"Endelea kusogeza."

"Mbele utaivuruga! Nakwambia hapo ndipo—"

"Sogeza, nimesema!"

Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kelele ya mota iendelee, nisilazimike kumwambia Mama neno. Mota ikalia, ikalia muda mrefu, na mara Mama akanishika bega, kucha zikaniingia.

"Hapo! Hapo hapo. Mwambie asiguse tena."

"Usiguse!" nikaita.

"Ee, ndiyo hiyo." Hakuondoa jicho. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mdogo. "Pete hiyo. Kubwa hivi! Nyeupe, imezunguka yote, na katikati kuna tundu. Wifi yako yuko wapi? Mwambie asogee. Jamani, mbona mimi nilikuwa naichora kadogo?"

Akatazama mpaka jicho likajaa machozi, akaondoka akijifuta kwa pindo la gauni, anacheka.

"Chungulia na wewe," akaniambia, "wasije wakasema bibi anaota."

Nikachungulia.

Darubini ya Kaka ina kioo kidogo kilichokaa katikati ya mdomo wake. Ukivuruga fokasi kupita kiasi, chochote unachokitazama huvimba kikawa duara la mwanga lenye tundu jeusi katikati, na tundu hilo ni kivuli cha kile kioo. Itakuwa hivyo kwa Zohali, itakuwa hivyo kwa nyota yoyote, hata kwa taa ya mtaani. Watu wa kundi lao wakipata picha ya namna hiyo wanaifuta kabla mwenzao hajaiona. Zohali haikuwepo tena mle ndani, wala pete yake. Lilikuwepo kosa tu, kubwa na jeupe, la kulitosha jicho linalofungwa.

"Umeiona pete?" Mama akauliza.

Mimi sijawahi kumfichia mtu neno, muulize yeyote anayenijua.

"Nimeiona, Mama. Ni kubwa kweli."

Nikamwachia wifi, nikashuka. Kila ngazi niliyoshuka nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa nayo ya kutosha, mengine niliyaandaa tangu mchana. Kaka alikuwa ameketi mbele ya skrini, mikono ameiweka mapajani. Namba ya fokasi ilikuwa mbele yake.

"Kwenye namba hii hakuna picha," akasema bila kugeuka. "Ni uchafu mtupu. Anaona nini?"

Nikamweleza. Sikufika hata nusu, akawa ameshaelewa, maana hayo ni mambo yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, ile anayotumia kuwauliza wagonjwa kama sindano imeingia.

"Siku ile aliponiomba. Angeiona yenyewe?"

Hakukuwa na tusi lililobaki ambalo lingemfikia kuliko jibu lenyewe, na kwa mara ya kwanza nilitamani niwe na jibu lingine.

"Angeiona," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Mkono wake ukaenda kwenye kibodi, kwa mazoea tu, kuirudisha namba mahali pake, ukaishia hewani. Tukamsikia Mama huko juu ya paa akimwambia wifi asogee, ainame vizuri, atazame kwa nafasi, asiwe na haraka, maana haiendi kokote.